Pumzi Isiyo Yake

Kule ninakokusimulia, kifo hakimfuati mtu mpaka kitandani. Hubaki mlangoni, kimeshavua viatu kama mgeni yeyote mwenye adabu, kikisubiri walio ndani wachoke. Na walio ndani hawachoki. Hapo ndipo ilipo shida yote ya mji ule, na hapo hapo ndipo ulipo uzuri wake wote, na mimi mpaka leo sijaweza kuvitenganisha.

Mtu akipatwa na ugonjwa usio na kupona, watu wake hutafuta mwanzi mwembamba. Ncha moja huwekwa midomoni mwa mgonjwa, ncha ya pili hushikwa na mmoja wao kwa midomo yake, naye hupuliza. Pumzi inaingia, pumzi inatoka. Huyu akichoka, mwingine anapokea. Maadamu yupo anayepuliza, mgonjwa hafi. Haponi, lakini hafi. Nilipokuwa mtoto nilidhani dunia nzima ndivyo ilivyo, kwamba kila aliye hai yu hai kwa sababu kuna mtu mahali fulani anampulizia. Nimekua, nimesoma kidogo, na bado sioni kama nilikosea sana.

Nyumba yenye mwanzi huwa na saa yake peke yake. Siku husimama pale iliposimama mwanzi ulipowekwa. Nyumba ya Mama Mkubwa Siwatu ilisimama alasiri. Ungetoka sokoni asubuhi, umande ungali kwenye mchicha uliobeba, ukivuka kizingiti unakuta alasiri: jua limeegemea dirisha, mkeka una joto, nzi wamechoka kuruka. Ukitoka nje, asubuhi tena. Watoto wa mtaa walikigeuza kizingiti chetu mchezo, mguu mmoja asubuhi, mguu mmoja alasiri, mpaka mama mmoja wa mtaani, Bi Arafa, alipowafukuza na ufagio.

Mama Mkubwa Siwatu ni dada wa mama yangu, naye ndiye aliyenilea mama alipotutoka. Masudi ni mwanawe wa kumzaa, kwa hiyo ni kaka yangu. Masudi ndiye aliyekuwa akipuliza. Tulijitolea wengi kumpokea, mimi wa kwanza, naye alitufukuza wote kwa jicho, bila kuutoa mwanzi mdomoni. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na midomo yake ilikuwa imeota sugu ya duara. Sijapata kuona mapenzi yakimkaa mtu usoni waziwazi namna ile.

Lazima nieleze Mama Mkubwa alivyokuwa alipokuwa mzima, maana asiyemjua anaweza kudhani alikuwa mtu asiyeuthamini uhai.

Hakukuwa na nyumba mtaani ambayo hakuipulizia. Aliingia akiwa na kanga zake mbili na kitambaa cha kufutia jasho la mgonjwa, akakaa, akapuliza. Alimpulizia Mzee Ngwali, jirani yetu wa mbele, ambaye mwili wake wote ulikuwa umekufa isipokuwa pua na ulimi. Kuna watu walianza kunong'ona kwamba mzee yule anakula pumzi za watu bure, angejiondokea tu. Mama Mkubwa alimwuliza Ngwali mwenyewe, mbele yao, anataka nini. Ngwali akasema, "Asubuhi nasikia harufu ya kahawa ya jirani. Niacheni niisikie." Basi. Hiyo ndiyo sababu yake yote. Mama Mkubwa akawageukia wale wanong'onaji: "Mmesikia? Pumzi ni zangu, na kahawa ni yake. Ninyi chenu nini hapa?" Akaendelea kupuliza mpaka Ngwali aliposema mwenyewe kwamba sasa kahawa imetosha.

Aliporudi nyumbani baada ya Ngwali, tulimwona akipapasa chini ya mto. "Unatafuta nini, mama?" "Ugoro wangu." Hajawahi kutumia ugoro maisha yake yote. Alikaa akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ndivyo inavyokuwa. Anayepuliza kwa muda mrefu huchanganyika na anayepulizwa. Kumbukumbu hupita kwenye mwanzi huku na huku, na mtu huinuka akiwa na vitu visivyo vyake ndani ya kichwa, vinavyofifia polepole kama hina. Jambo hili kila mtu mjini alilijua. Tulilicheka. Hatukuwahi kulifikiria mpaka mwisho.

Halafu zamu yake ya kulala ikafika, na katika alasiri ile isiyosogea, Mama Mkubwa Siwatu akasema ametosheka.

Alisema katikati ya pumzi na pumzi, kwa maneno machache machache, maana mwenye mwanzi huongea pumzi inapotoka tu. "Masudi. Ushushe. Nimetosheka." Kushusha mwanzi ni kuulaza chini, juu ya mkeka, na kuuacha hapo. Masudi alitikisa kichwa na kupuliza kwa nguvu zaidi.

Mji ule si mji wa kikatili. Uliweka njia. Lakini kwetu neno la mdomo la mgonjwa halitoshi, na sababu yake naielewa. Sisi ni watu ambao mtu akiulizwa hali huku anavuja damu atajibu "sijambo kidogo". Atasema ameshiba ili mgeni ale. Atasema hana usingizi ili mwenzake apate kitanda. Mgonjwa wa kwetu anaweza kuomba kufa kwa adabu tu, ili asiwasumbue watu. Kwa hiyo swali halipiti mdomoni. Shahidi wa mtaa huja, yeye au mtu mwingine hupokea mwanzi, huuliza kimoyomoyo: *Umechoka wewe, au unatuonea huruma sisi?* Kisha huvuta pumzi ya mgonjwa kwake. Kilichomo ndani ya pumzi hiyo ndilo jibu, maana pumzi haina adabu. Likiwa ni yeye aliyechoka, mwanzi unashushwa. Ikiwa ni huruma, au ikiwa bado anataka kubaki, haushushwi. Na huulizwa mara tatu tu. Baada ya jibu la tatu haulizwi tena, mwanzi ukae milele kama ikibidi.

Shahidi wetu alikuwa Bi Arafa, mwanamke mnene mwenye kigoda chake mwenyewe, maana alisema vigoda vya wagonjwa vinamletea ndoto mbaya. Aliuliza mara ya kwanza akainuka akijifuta macho na ncha ya buibui.

"Anaogopa, maskini. Anasema msimwache."

"Arafa," Mama Mkubwa akasema kutoka kitandani, "mimi sijasema hivyo."

"Pumzi yako imesema, shoga."

"Basi pumzi yangu ni mwongo."

"Pumzi haisemi uongo. Wewe ndiye mwenye adabu nyingi."

Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Bi Arafa alilia zaidi, Masudi akapuliza zaidi, na Mama Mkubwa akafumba macho. Nilimtazama usoni. Nimeshaona watu wengi wakinyimwa wanachotaka. Sijaona mtu mwingine akinyimwa kwa upendo, na watu wanaolia, kwa ushahidi aliotoa mwenyewe. Hakukasirika. Alipofumbua macho alisema tu, "Masudi, unapuliza kama unawasha jiko la mkaa. Taratibu, baba, nitatoa cheche."

Mara ya tatu, desturi inataka aulize mtu aliyelelewa na mgonjwa, ambaye bado hajaugusa mwanzi wake. Nikabaki mimi.

*

Nitasema nilichokuwa nikikifikiria njiani kwenda kukaa pale, ingawa njia yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni hadi kitandani.

Kumtoa mtu uhai ni kumwingilia. Unakwenda pale alipo na kumnyang'anya. Lakini mwanzi nao si kumwingilia? Na nikiushusha, nitakuwa nimefanya jambo, au nitakuwa nimeacha kufanya? Mtu anayefungua mlango na mtu anayeacha kuufunga, wote wawili mgeni anaingia. Wakubwa wa mji walikuwa wakigombana juu ya hili tangu zamani, na kila mmoja alikuwa na hoja nzuri, na kila mmoja alizungumza kana kwamba kitandani hakuna mtu. Kitandani kulikuwa na mtu. Alikuwa na miguu mirefu iliyotoka nje ya shuka na kucha alizokuwa hapendi ziote ndefu. Nilitaka aishi. Nilitaka apate anachotaka. Sikuona njia ya kuyataka yote mawili bila kuwa mnafiki katika moja.

"Njoo, mwanangu," Bi Arafa akasema, akijiweka sawa kwenye kigoda. "Magoti yangu haya yameniambia nisije mara ya nne, na sheria nayo imesema hivyo hivyo. Leo ndiyo leo."

Masudi aliutoa mwanzi mdomoni kidogo. "Mwantumu, wewe hata jiko lilikuwa linakushinda kupuliza. Ulikuwa unapepea na kifuniko cha sufuria."

"Sijaja kupuliza, kaka. Nimekuja kuuliza."

"Jibu unalijua. Arafa ameshakwambia."

"Mpe mwenzio," Mama Mkubwa akasema. "Mpe. Alinyonya maziwa haya haya."

Akanipa. Mwanzi ulikuwa wa moto kwa midomo yake. Niliuliza kimoyomoyo kama nilivyofundishwa, nikavuta.

*

Mimi ni Mwantumu. Nimekaa kwenye mkeka.

Mimi ni Mwantumu, lakini mikono yangu imekuwa mifupi.

Niko juu. Nimefungwa kwa mbeleko. Shavu langu limelala juu ya mgongo, mgongo una joto, unanuka mafuta ya nazi na moshi. Mbele ya macho yangu kuna shingo. Chini kidogo ya pale nywele zinapoanzia kuna alama ya kuungua, ndogo, kama ukucha wa mtoto. Naigusa kwa kidole. Naijua. Ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote.

Watu wengi. Miguu mingi. Vumbi. Mgongo unatembea haraka.

Fundo la mbeleko linalegea.

Nateleza. Naiona alama ikipanda juu, ikienda mbali na kidole changu.

Usiniache. Usiniache hapa. Usiniache.

*

Niliutoa mwanzi nikiwa nahema. Uso wangu ulikuwa umelowa. Ilikuwa hofu safi, isiyo na hila, hofu ambayo ungeuza nyumba ili uinyamazishe. Masudi alikuwa ameshaushika mwanzi tayari na kuurudisha midomoni, na pumzi ikaendelea.

"Eti?" Bi Arafa akaniuliza kwa upole. "Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Sema basi, niseme na mimi, tufunge."

Nikafungua kinywa kusema anaogopa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Na hapo, bila kupenda, kidole changu kilikuwa bado kinatafuta ile alama hewani, na nikamtazama Mama Mkubwa amelala chali, shingo yake imefichwa na mto.

"Mama Mkubwa," nikasema. "Una alama kisogoni?"

"Alama?"

"Ya kuungua. Hapa, nywele zinapoanzia."

Akawaza mpaka pumzi ikatoka. "Marehemu mama aliniambia ipo. Nilianguka karibu na jiko nikiwa mdogo." Pumzi ikaingia, ikatoka. "Mimi nitaionea wapi, mwanangu? Macho yangu yako huku mbele."

 

Bi Arafa alikuwa wa kwanza kuelewa, nami niliona anavyoelewa, kwa jinsi mikono yake ilivyoshuka kutoka kwenye magoti. Aliuliza polepole, "Uliiona hiyo alama ndani ya pumzi?"

"Niliiona. Kwa karibu. Kutokea mgongoni."

"Na mimi niliiona," Bi Arafa akasema. "Mara zote mbili. Nikadhani ni doa tu." Akageuka kumtazama Masudi. "Ewe Mola. Tumekuwa tukimwuliza mama, anajibu mtoto."

Hilo ndilo kosa letu, na sidhani kama watu wengine wangeweza kulifanya. Tulikuwa tumejiwekea desturi ya kutoamini mdomo wa mgonjwa, tukaamini pumzi yake, tukasahau kwamba pumzi hiyo haikuwa yake. Masudi alikuwa amepuliza peke yake, bila kupokewa, mpaka kifua cha mama yake kikajaa Masudi. Kila aliyevuta alivuta kile kilichokuwa kimeingizwa punde. Na yeye, mwenye kinywa chake, alikuwa akisema kweli tupu kila siku, na sisi tulimwona mtu wa adabu.

Masudi hakuutoa mwanzi. Machozi yalimshuka yakapita pembeni ya mdomo, akapuliza hivyo hivyo. Baadaye, pumzi ilipokuwa ikitoka, akasema haraka, "Hofu ni hofu. Iwe yake iwe yangu, tofauti iko wapi?"

"Yako utakaa nayo wewe," nikamwambia. "Yeye asiibebe tena. Alishakubeba."

Nilidhani atanipiga. Badala yake akamtazama mama yake. "Sikukuangusha," Mama Mkubwa akasema. "Ile siku. Nililidaka fundo. Unakumbuka kuteleza tu. Kudakwa hukumbuki."

Masudi akanipa mwanzi kwa mkono wake mwenyewe.

Swali la tatu lilikuwa bado wazi, maana jibu halikuwa limetamkwa; safari hii sikuvuta mara moja. Nilisubiri. Niliacha pumzi ya Masudi itoke yote, ikatoka kwa kuchelewachelewa, nikasikia Mama Mkubwa akitafuta pumzi yake mwenyewe chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imeguswa siku nyingi. Kwenye ukuta kivuli cha dirisha kilisogea kidogo, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi. Kisha nikavuta ile iliyokuja.

Haikuwa na picha. Sijui niieleze vipi. Umewahi kufua nguo za nyumba nzima, ukazianika zote, ukamwaga maji machafu, ukasimama unazitazama kwenye kamba? Mikono imekunjamana, mgongo unauma, na hutaki chochote isipokuwa kukaa. Huchukii nguo. Huchukii maji. Umemaliza tu. Ndivyo ilivyokuwa. Na pembeni ya uchovu huo, kimya, kama paka aliyejilaza, ilikuwepo huruma. Ya Masudi, na yangu, na hata ya magoti ya Bi Arafa.

"Amechoka yeye mwenyewe," nikasema.

"Na huruma?" Bi Arafa akauliza, kwa sababu alikuwa shahidi wa kweli. "Imo?"

Ningeweza kuficha. "Imo."

Akashusha pumzi. "Basi, mwanangu, desturi inakataa. Mtu asiende kwa ajili yetu."

"Bi Arafa, ametuonea huruma tangu tulipozaliwa. Ukiitoa hiyo, huyu aliyelala hapa si Siwatu tena. Hutampata Siwatu asiye na huruma umwulize yeye."

"Sikukatalii. Lakini nijue: huruma hiyo ndiyo inayomwondoa?"

Nikarudi kwenye ile ladha iliyokuwa bado ulimini, nikaigeuza, nikaitafuta kwa uaminifu wote nilionao, maana sikutaka kumpa kifo cha adabu wala uhai wa adabu.

"Hapana," nikasema. "Huruma ndiyo iliyomkalisha. Angekuwa amekwenda zamani. Alikuwa anamngoja Masudi."

Kutoka kitandani Mama Mkubwa akacheka, kicheko kidogo, cha pumzi yake. "Arafa. Leo pumzi yangu imejifunza kusema kweli."

Bi Arafa akainuka kwenye kigoda, jambo ambalo hulifanya kwa heshima ya watu wachache. "Nimeshuhudia," akasema.

Aliyepuliza wa mwisho ndiye hushusha, na hakuna anayeruhusiwa kumnyang'anya. Nikamrudishia Masudi mwanzi. Aliushika kwa mikono miwili. Nilimwona akiwa mtu mzima, kisha kwa kitambo kidogo mtoto, kisha mtu mzima tena. Niseme wazi: nimewaona mashujaa wakipita barabarani na watu wakiwapigia vigelegele, na hakuna aliyewahi kufanya jambo gumu kama lile la kuinama mpaka kwenye mkeka. Akaulaza. Akaondoa mkono.

Mama Mkubwa akapumua. Ilikuwa pumzi ndogo, isiyo na mpangilio. Lakini ilikuwa ya kwake.

"Masudi."

"Naam, mama."

"Umekonda."

"Ningekulaje na mwanzi mdomoni, mama?"

"Jikoni kuna nini?"

"Kiporo cha wali. Na maharage."

"Kalete. Ule hapa nikuone."

"Mama, sasa hivi?"

"Unataka lini?"

Bi Arafa alicheka akashindwa kujizuia, akaziba mdomo. Masudi alikwenda, akarudi na sahani, akakaa chini karibu na kichwa chake. Tonge la kwanza lilimshinda kumeza. Alikaa nalo shavuni, macho yamemtoka.

"Tafuna," Mama Mkubwa akasema. "Usimeze kama bata."

Akatafuna. Akameza. Akachukua jingine. Mama Mkubwa alimtazama, uso wake umetulia, kama anavyotazama mtu chakula alichopika mwenyewe kikiliwa. Wali ulikuwa wa baridi na umeshikana, naye Masudi aliumega kwa vidole, akauchovya kwenye maharage, akala.

Bi Arafa aliinua macho kunitazama. Nami nilikuwa nimeshaona kwamba kifua cha Mama Mkubwa hakipandi tena.  Masudi alikuwa ameinamia sahani, na nilijua kwamba naye anajua, kwa sababu alianza kumega matonge madogo zaidi, madogo sana, na kuyatafuna kwa muda mrefu, kila moja kwa zamu yake.

Tulikaa naye mpaka akamaliza.